Mahindi Yaliyoota Kuvu: Kuyatupa Si Israfu



Kila maji ya Mto Tana yanapotoka kingoni hapa Garsen, swali hili hurudi: mahindi yaliyoroa hata yakaota kuvu, je, yatupwe? Wengi huona kuyatupa ni israfu. Huyaosha, wakayaanika na kuyasaga, wakitumai kuwa moto wa jikoni utayasafisha. Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake ni makubwa.

Kwanza, tuijue sumu yenyewe. Kuvu huota katika nafaka yenye unyevu na joto, na baadhi ya aina zake hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Ikiwa nyingi huua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Kuosha hakuimalizi, wala kupika sima hakuiondoi, kwani hustahimili moto wa jikoni. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hii, na 125 katika hao wakafa. Mahindi hayo yalitoka katika mashamba ya huko huko.

Pili, tusidhani kuwa kuwapa mifugo ni kuyaokoa. Kuku hudhurika, na sumu aliyokula ng'ombe hupita katika maziwa. Maziwa hayo ndiyo wanywayo watoto wetu, wa mkulima na wa mfugaji.

Tatu, kinga ni bora kuliko dawa. Mto wetu hujazwa na mvua za Mlima Kenya na za milima ya Aberdare. Huweza kufurika hali kwetu kuna jua. Basi mahindi yaliyokomaa yasicheleweshwe shambani. Yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya ardhi tupu. Punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitengwe. Magunia yawekwe juu ya uchaga, mbali na ukuta.

Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani.

Nne, asiyekula asimuuzie mwenzake. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, na vidole vyake vikakuta umaji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyoroa juu, watu wakaiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Na leo, anayechanganya mahindi mabovu na mazima katika gunia moja, ana udhuru gani?

Twajua kwamba mwenye gunia moja tu ataona uzito kulitupa, na watoto wanalia njaa. Hatumlaumu. Lakini jambo hili si lake peke yake. Israfu ni kutupa kilicho chema. Kuitupa sumu ni kuihifadhi nafsi. Basi wewe ambaye ghala lako limebaki kavu, usingoje jirani yako aje kuomba. Mpelekee, na umpelekee katika yale unayoyala wewe, wala si katika yale uliyoyatenga.