SOMO LA AFYA: SUKARI INAPOSHUKA MWILINI



Wengi tunajua kuwa kisukari ni sukari kuzidi katika damu. Lakini mgonjwa huyo huyo anaweza kuangushwa na sukari kupungua, na hatari hiyo huja kwa muda mfupi sana.

Sababu: Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akichelewa kula, akilima muda mrefu, akinywa pombe, au akifunga bila ushauri wa daktari.

Dalili: Kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Ikizidi kushuka, huongea ovyo, huwa mkali, huyumba, hata kupata degedege na kuzimia. Hapo ndipo watu husema amelewa au ana pepo, wakamtoa nje. Kumwombea ni vyema, lakini apewe sukari kwanza.

Akiwa na fahamu na anaweza kumeza:
1. Mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au kijiko kikubwa cha asali.
2. Subiri dakika 15. Asipopata nafuu, rudia.
3. Akipata nafuu, ale chakula: uji, mkate, ndizi au viazi.
4. Aende zahanati. Aliyetumia vidonge hivyo sukari yake inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Akiwa amezimia: Usimpe kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, mkimbizeni hospitali awekewe dripu ya sukari. Kamwe msimchome insulini.

Kama hamna kipimo na hamjui sukari imepanda au imeshuka, mwenye fahamu apewe sukari. Kiasi hicho kidogo hakitamdhuru sana aliyepanda. Kuchelewa kunaweza kumuua aliyeshuka.

Kazi ya kila usharika: Wekeni ofisini sukari, kikombe na maji safi. Wazee wa kanisa wawafahamu wagonjwa wa kisukari kwa ridhaa yao, na semina ndefu ziwe na muda wa kula. Mhisani anayetaka kusaidia anaweza kutoa kipimo cha sukari pamoja na vijiti vyake, maana bila vijiti kipimo hakifanyi kazi.