SOMO: JUU YA NINI MASHINI INACHELEWA KWA PICHA YENYE MATABAKA MENGI?



Somo letu la mara hii ni juu ya kutengeneza picha kwa kompyuta, maana wengi wana ulizo moja: «Juu ya nini picha inaanza mbio, lakini tukifika tabaka la kumi na tano mashini inaanza kulala?» Wengine wanajibu upesi: mashini imezeeka, inunuliwe mpya. Jibu hilo ni la bei kali, na mara nyingi si la kweli. Kabla ya kuomba wazazi franga, tujue kwanza kuhesabu.

Tutatumia mfano wa programu GIMP. Ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis.

I. TABAKA NI NINI?

Tuwaze karatasi za plastiki zinazopenya mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kwa moja tumechora nyumba, kwa nyingine tumeandika maneno, kwa nyingine tumeweka alama ya shule. Tukitazama toka juu tunaona picha moja, lakini tunaweza kusogeza maneno pasipo kugusa nyumba. Karatasi hizo ndizo matabaka, yale ambayo kwenye kioo yanaandikwa «calques». Ni msaada mkubwa, lakini kila tabaka linataka nafasi yake.

II. TUHESABU

Picha ni nukta ndogondogo zinazoitwa pikseli. Kwa kawaida pikseli moja ya tabaka inachukua baiti 4: tatu za rangi (nyekundu, kijani, buluu) na moja ya kuonyesha kama mahali pale panapenya mwanga.

Tuseme tunataka afishi ya ukubwa wa A2 kwa sikukuu ya shule, na tumechagua pikseli 300 kwa kila inchi. Hesabu ni hii:

4961 × 7016 = pikseli 34.806.376
mara baiti 4 = karibu baiti milioni 139 kwa tabaka moja
mara matabaka 20 = karibu baiti milioni 2.785

Ni kadirio, maana mahali patupu panaweza kuchukua kidogo. Hata hivyo, tukiwa na mashini yenye gigabaiti 4 za memwari, na programu nyingine ziko zinataka fungu lao, tunaona ya kwamba nafasi imekwisha.

Tusidanganywe na ukubwa wa faili. Picha ya simu ya pikseli 4000 × 3000 inaweza kuwa faili ya baiti milioni 3 tu, kwa kuwa imebanwa. Tukiifungua kama tabaka, inachukua karibu milioni 48.

III. MEZA NA VALIZI

Memwari ni sawa na meza ya mwanafunzi, na diski ni sawa na valizi yake chini ya kitanda. Vitabu vilivyo mezani anavishika mara moja. Meza ikijaa, sharti vingine avirudishe katika valizi, na kila anapovitaka anatembea mpaka bwenini. Mwanafunzi hakuwa mvivu. Safari ndizo zinakula saa yake.

Kompyuta inafanya vile vile. Memwari ikijaa, inapeleka sehemu za picha kwenye diski na kuzirudisha. Diski ya kuzunguka iko polepole kabisa kupita memwari. Ndiyo sababu mashini haichelewi kidogokidogo: inaenda vizuri, halafu siku meza inajaa inaanguka ghafula.

IV. KUTAFUTA UGONJWA

Daktari hatoi dawa kabla ya kupima. Nasi tupime hivi:

1. Tufungue picha ndogo peke yake. Kama nayo inachelewa, matabaka hayana kosa. Tutazame programu nyingine zilizo wazi, au kama diski imejaa.

2. Kama ndogo inaenda mbio na kubwa inalala, tufungue dirisha «Tableau de bord», ambalo liko katika GIMP tangu toleo 2.10 la mwaka 2018. Linaonyesha kiasi kinachopelekwa kwenye diski. Kikizidi kupanda tunapofanya kazi, meza imejaa.

3. Kama diski imetulia lakini kazi moja tu, kama kutia ukungu kwa picha nzima, inachukua muda, basi ni hesabu nyingi tu. Tujaribu kwanza kwa sehemu ndogo. Tukipendezwa, tufanye kwa picha nzima.

V. DAWA

1. Tufunge programu zote zisizo za kazi hiyo. Haina bei.

2. Tuchague ukubwa wa haki siku ya kwanza. Afishi inatazamwa kwa mbali, na pikseli 150 kwa inchi mara nyingi zinatosha. Tukipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu, inabaki robo: matabaka yetu 20 yanataka karibu baiti milioni 696 tu. Hii ndiyo dawa kubwa kupita zote.

3. Tukate kila tabaka lifuate kilichomo. Alama ndogo ya shule haina haja ya tabaka lenye upana wa afishi nzima.

4. Tuunganishe matabaka yaliyokwisha. Lakini kwanza tuweke kopi ya XCF yenye matabaka yote, maana faili ikifungwa hatuwezi kuyatenganisha tena.

5. Tufute kumbukumbu ya hatua za nyuma ikiwa nzito. GIMP inazishika ili tuweze kurudi. Zikifutwa hakuna kurudi.

6. Katika «Préférences», sehemu ya «Ressources système», tutazame kiasi cha memwari ambacho GIMP imeruhusiwa. Kikiwa kidogo mno, inakimbilia diski na meza ingali tupu. Kikiwa kikubwa mno, mashini yote inakosa pumzi. Kwa gigabaiti 4, tuanze na 2.

Yote hayo yakifanyika na mashini ingali inalala, basi tuna haki ya kuomba memwari kuongezwa. Nayo ni ya bei ndogo kuliko mashini mpya.

VI. ANGALISHO

Mashini ikichelewa, watu wanachoka kungoja, wanaacha kuhifadhi kazi yao. Hapo ndipo hasara inaingia. Umeme ukikatika, kila kitu kisichohifadhiwa kimepotea, na siku tatu za kikundi kizima zimekwenda bure. Kwa hiyo tusipunguze uzito juu ya haraka tu, ila ili kuhifadhi kuwe kwepesi, na kila mtu ahifadhi mara kwa mara.

MAULIZO

1. Ukurasa wa A4 una pikseli 2480 × 3508. Matabaka 8 yanataka baiti ngapi?
2. Juu ya nini faili ndogo inaweza kujaza memwari?
3. Mwenzako anasema: «Mashini imekufa.» Utampima ugonjwa gani kwanza?

Jibu la ulizo la 1: karibu baiti milioni 278. Ya 2 na ya 3 tafuteni ninyi wenyewe katika somo.