Koo Linapouma, Moyo Nao Una Hatari

Katika Baiolojia tumejifunza kwamba mwili una ulinzi wake wa kutukinga na maradhi. Lakini yako maradhi yaletwayo na ulinzi wenyewe. Nataka kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja wa namna hiyo, homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Homa hii huanzia kooni. Bakteria waitwao streptokokasi wa kundi A huingia, na koo huvimba na kuuma. Mwili hutengeneza kingamwili za kupigana nao. Lakini bakteria hao wana protini iitwayo M, ambayo kwa sehemu yafanana na protini za moyo. Sisi wa Usukuma tunawajua sungusungu. Wakiambiwa kwamba mwizi amevaa shati jekundu, huenda wakamkamata jirani asiye na hatia kwa ajili ya shati lake. Ndivyo zifanyavyo kingamwili kwa baadhi ya watu: wiki 2 au 3 baada ya koo kuuma, huushambulia moyo. Vali zake, yaani milango ya kupitishia damu, hupata makovu, zisifunge wala kufunguka sawasawa.

Jambo hili lilijulikanaje? Mwaka 1962, Melvin Kaplan na mwenzake wa Marekani walieleza kwamba sungura waliodungwa streptokokasi walitengeneza kingamwili zilizonasa hata kwenye nyama ya moyo wa binadamu.

Basi yatupasa tufanye nini? Penisilini ikitolewa kabla ya siku 9 kupita tangu koo lianze kuuma, huweza kuizuia homa hiyo. Vali ikiisha kuharibika, penisilini haiiponyi. Mgonjwa hudungwa sindano kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi ili homa isimrudie, na wengine huhitaji kupasuliwa moyo. Hapa Mwanza tunayo Hospitali ya Bugando, lakini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Bwenini vitanda vyetu vimekaribiana, na mmoja akiumwa koo wenziwe hufuata. Wengi wetu husukutua maji ya chumvi na kungoja. Ni kweli kwamba makoo mengi huumwa kwa virusi, wala hayahitaji penisilini. Lakini mwenye kupambanua ni mganga, si sisi. Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, koo likiuma pamoja na homa, twendeni zahanati siku hiyo hiyo. Nanyi wazazi, wakati wa likizo, msiseme ni koo tu.