Upanga Ungojao: Hulka, Imani na Upiganaji wa Obi-Wan Kenobi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kumchunguza mhusika kupitia kwa maneno yake, matendo yake na yale ambayo wahusika wengine husema juu yake. Ni nadra aulizwe jinsi mhusika huyo anavyoushika upanga. Swali hilo laweza kuonekana la kitoto, hasa kazi inayohusika inapokuwa Star Wars, mfululizo wa filamu ambao wengi huuona kuwa burudani tu. Hata hivyo, katika kazi ambayo watawa wake ni wapiganaji, upiganaji nao ni usemi. Makala haya yanamchunguza Obi-Wan Kenobi, mhusika aliyebuniwa na George Lucas, na yanadai kwamba anavyopigana ndivyo anavyoishi. Yeye hungoja. Kungoja huko humwokoa vitani, lakini humponza katika malezi.

Obi-Wan aliigizwa kwanza na Alec Guinness katika filamu ya 1977, na mwigizaji huyo akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ujana wake uliigizwa na Ewan McGregor katika filamu za 1999, 2002 na 2005, kisha katika mfululizo wa televisheni wa 2022. Ikumbukwe kwamba hadhira ilimjua mzee kabla ya kumjua kijana. Ni kama mbinu rejeshi iliyochukua miaka 28 kukamilika, na ndiyo sababu kila tendo la ujanani mwake hutazamwa kwa macho ya mtu ajuaye mwisho.

Imani

Watawa wa Jedi huamini kuwapo kwa Nguvu, yaani uwezo unaozalishwa na viumbe vyote vyenye uhai, ukavizunguka, ukavipenya na kuishikanisha dunia yote ya nyota. Nguvu hii haiombwi wala haitolewi sadaka. Mtawa hutuliza nafsi ili aisikie, kisha huiacha imwongoze. Kinyume cha utulivu huo ni woga, hasira na chuki, ambazo humvuta mtu kwenye upande wa giza. Kwa sababu hiyo mtawa hukatazwa kuoa na kumiliki; apendaye kwa kung'ang'ania huogopa kupoteza, na woga ndio mlango wa mengine yote.

Athari za Ubudha zinaonekana waziri hapa, na hali kadhalika athari za samurai wa Japani. Lucas alivutiwa mno na filamu za Akira Kurosawa, na ile ya 1958 iitwayo The Hidden Fortress ilimfunza kusimulia mambo ya wakubwa kupitia kwa macho ya wanyonge wawili. Kwa Kurosawa wanyonge hao ni wakulima. Kwa Lucas ni roboti.

Hulka

Obi-Wan ni mpole, mwenye adabu na mwepisi wa mzaha mkavu hata maisha yake yanapokuwa hatarini. Hutanguliza neno kabla ya silaha. Katika filamu ya 1977 anawapita askari wa doria kwa kuwatia akilini wazo kwamba roboti walio nao si wale wanaotafutwa. Baadaye, katika kilabu cha pombe, jitu moja linapomchokoza kijana Luke, mzee anajaribu kwanza kulituliza kwa kujitolea kulinunulia kinywaji. Maneno yanaposhindwa, upanga wa nuru unawaka mara moja, mkono unaanguka sakafuni, na upanga unazimwa. Hakuna pigo la pili.

Wapo wamwonao kuwa mhusika bapa, mzee wa hekima anayepatikana katika ngano za kila taifa. Rai hiyo ingekuwa na mashiko kama filamu ya 1977 ingebaki peke yake. Kijana wa 1999 ni mtu mwingine kabisa. Anamkosoa mwalimu wake, Qui-Gon Jinn, kwa kulipinga Baraza la Jedi, na siku chache baadaye yeye mwenyewe yuko tayari kulipinga Baraza hilohilo ili atimize ahadi aliyompa mwalimu huyo akikata roho: kumfunza mtoto Anakin Skywalker. Ahadi hiyo ndiyo chimbuko la msiba wote unaofuata.

Upiganaji

Qui-Gon anauawa na Darth Maul mbele ya macho ya mwanafunzi wake, aliyezuiwa na ukuta wa mwanga asiweze kumfikia. Ukuta unapofunguka, Obi-Wan anashambulia kwa ghadhabu. Ni mojawapo ya nyakati chache anapopigana hivyo, na nusura imgharimu maisha, kwani anasukumwa akabaki ananing'inia ndani ya shimo, adui amesimama juu yake. Anaokoka pale anapotulia. Anaruka juu ya kichwa cha Maul, anauvuta upanga wa marehemu mwalimu wake na kumkata adui kiunoni.

Vitabu vilivyoandikwa kuzizunguka filamu hizi hutaja mitindo saba ya kutumia upanga wa nuru. Wa Qui-Gon ni Ataru, wenye kuruka na kushambulia kwa kasi. Obi-Wan aliuacha, akajifunga katika Soresu, mtindo wa tatu, uliobuniwa kwa ajili ya kujikinga dhidi ya risasi za nuru. Upanga huzungushwa karibu na mwili, miondoko ni mifupi, na mpiganaji huhifadhi pumzi hadi mwenzake achoke au akosee. Mkao wake hutambulika upesi: upanga umerudishwa nyuma juu ya bega, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele kwa vidole viwili. Kwa kweli ni mtindo usiopendeza sana machoni pa mtazamaji mwenye haraka.

Ubora wake ulionyeshwa kikamilifu mwaka 2017, katika sehemu ya katuni ya Star Wars Rebels iitwayo Twin Suns. Maul, ambaye chuki ilimweka hai licha ya kukatwa vipande viwili, anamfikia Obi-Wan mzee jangwani Tatooine. Obi-Wan anasimama kwa mkao wake wa zamani, kisha anaubadilisha na kuushika upanga kama alivyoushika Qui-Gon. Maul ananaswa. Anarudia mbinu ileile iliyomwangusha Qui-Gon, ya kumpiga mtu usoni kwa mpini wa upanga, na Obi-Wan alikuwa akiingojea kwa miaka mingi. Pambano linakwisha kwa mapigo machache mno. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mshindi anampakata adui yake mpaka anapokata roho.

Kungoja Kunapoponza

Anakin hakuwa adui wa kungojwa akosee. Alikuwa mwanafunzi. Alimwoa Padmé kwa siri, akaota ndoto za kifo cha mkewe, akakosa wa kumweleza kwa uwazi. Katika filamu ya 2005 Obi-Wan anamuuliza Padmé kama baba wa mtoto aliye tumboni ni Anakin, na namna anavyouliza yadhihirisha kwamba jibu analijua. Kama alijua, alinyamaza. Yamkini alinyamaza kwa upendo, kwani kusema kungemfukuzisha Anakin utawani. Lakini ukimya huo ulimwachia nafasi Palpatine, mtu aliyekuwa tayari kusikiliza.

Pambano lao kwenye sayari ya moto ya Mustafar ni Soresu mwanzo hadi mwisho. Obi-Wan anarudi nyuma, anakinga, anarudi nyuma tena, hadi anasimama mahali pa juu na kumwonya Anakin asithubutu kuruka. Anakin anaruka, anakatwa miguu na mkono, na anashika moto kando ya lava. Kinaya kilichopo ni kwamba kuruka huko ndiko kulikompa Obi-Wan ushindi dhidi ya Maul; aliijua hatari yake kwa sababu aliwahi kuithubutu. Kisha hamuui wala hamwokoi. Anaokota upanga na kuondoka. Wachambuzi wengi huliita tendo hili huruma. Ni vigumu kukubaliana nao, maana aliyeachwa akiungua ndiye aliyenyanyuka akiwa Darth Vader.

Katika filamu ya 1977 mzee anakutana tena na Vader. Anapomwona Luke akitazama kwa mbali, anatabasamu, anauinua upanga mbele ya uso wake na kuacha kujikinga. Pigo linaangukia joho tupu. Bingwa wa kujikinga anakufa kwa hiari, ili kijana apate nafasi ya kutoroka.

Hata hivyo, alikuwa amekwisha kumwambia kijana huyo kwamba Vader ndiye aliyemuua baba yake. Ukweli unapofichuka katika filamu ya 1980, na Luke kumkabili kwa swali katika ile ya 1983, roho ya Obi-Wan inajitetea kwamba maneno yale yalikuwa kweli kutegemea upande anaosimama mtazamaji. Huu nao ni ukinzaji, safari hii kwa ulimi. Vilevile anasisitiza kwamba Vader hawezi kurudi tena kuwa mtu mwema. Luke akikataa kumuua, basi Kaizari amekwisha kushinda. Luke anakwenda, anamshinda baba yake, na mbele ya Kaizari mwenyewe anautupa upanga wake. Ni Vader anayemwinua Kaizari na kumtosa shimoni.