Baiskeli hadi Turkana: Pumzi ya mlimani haizimi joto la jangwani

Mtu anayetoka Eldoret kwa baiskeli, akapita Kitale na Kapenguria, kisha akateremka Marich hadi Lodwar, husafiri zaidi ya kilomita 350 na kushuka kiasi cha mita 1,600. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Lodwar ni kama mita 500 tu. Kwa kawaida joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi kila unaposhuka mita 1,000. Hivyo basi msafiri huyu anaacha mji ambao mchana wake ni nyuzi 23 au 24 na kuingia katika nchi ambako nyuzi 35 kivulini ni jambo la kila siku, na kivuli chenyewe ni cha kutafuta.

Wako waendeshaji ambao hata hiyo haiwatoshi. Hufunga hema, sufuria, chandarua na mitungi ya maji kwenye baiskeli zenye matairi mapana, wakaiacha lami na kufuata njia za mchanga na mikondo ya mito iliyokauka, siku tano au sita, mpaka Kalokol kando ya Ziwa Turkana. Si mchezo wa wageni peke yao tena. Iten na Eldoret sasa zina vijana wanaozijua baiskeli za njia mbovu vizuri kama wenzao wanavyojua viatu vya kukimbilia. Somo la leo ni kwa ajili yao, lakini linamfaa pia mwalimu, mhudumu wa afya au mfanyabiashara ambaye baiskeli ndiyo gari lake huko chini.

Pumzi ni kitu kimoja, joto ni kingine

Kuna imani iliyoenea sana katika sehemu zetu kwamba mtu aliyezoea kufanya mazoezi milimani hawezi kushindwa na kazi yoyote ya tambarare. Nusu yake ni kweli. Aliyelelewa penye hewa nyepesi huwa na chembechembe nyekundu za damu nyingi zaidi, na akishuka hupata hewa ya oksijeni kwa wingi na miguu yake hufanya kazi kwa raha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Miguu yenye nguvu hutengeneza joto jingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli, takriban robo tatu, hugeuka kuwa joto badala ya mwendo. Joto hilo lazima litoke.

Mwili hulitoa kwa njia mbili kuu: damu hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, na jasho hukauka juu ya ngozi. Sasa fikiria mtu anayepanda mchanga saa saba mchana. Misuli inadai damu, ngozi inadai damu, na damu yenyewe inapungua kwa sababu maji yake yanatoka kama jasho. Moyo unaenda mbio kuwaridhisha wote wawili na hauwezi. Wingi wa chembechembe nyekundu haupozi mtu hata nyuzi moja.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Ukiupa joto kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14, huanza kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, jasho hilo huwa na chumvi kidogo kuliko awali, na kiasi cha maji katika damu huongezeka. Mkazi wa Eldoret hana haja ya kwenda mbali kutafuta joto hilo. Kilomita kama 35 kuna Iten, na kutoka hapo barabara inateremka Tambach hadi bonde la Kerio, ambako joto linakungoja. Wiki mbili za kushuka huko na kuendesha polepole kwa saa moja au saa moja na nusu kwenye joto zina faida kuliko miezi ya kupanda milima asubuhi penye ukungu. Ila usifanye hivyo mwezi wa Juni kisha ukasafiri Agosti, kwani mazoea haya hufifia katika muda wa wiki chache mtu akirudi kwenye baridi.

Jasho lisiloonekana

Mombasa jasho hukulowesha shati. Turkana halionekani. Hewa ni kavu na upepo wa mwendo hulikausha papo hapo, na mwendeshaji hujiona yuko salama, hata hajatoka jasho. Alama pekee ni mistari myeupe ya chumvi kwenye nguo. Akisimama kurekebisha mnyororo, upepo ukakoma, ndipo joto linapomvamia na kizunguzungu kumshika.

Kwa kazi ya wastani kwenye joto la namna hiyo mtu hupoteza lita moja kwa saa, na wengine hufika lita moja na nusu. Piga hesabu: saa sita za kuendesha ni lita sita hadi tisa, nazo ni kilo sita hadi tisa za mzigo, kabla hujapika wala kuoga. Isitoshe, tumbo nalo lina kipimo chake. Kwa watu wengi haliwezi kupokea zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Ndiyo maana hakuna mtungi mkubwa wa kutosha kumlinda anayeendesha mchana kutwa. Dawa yake ni saa. Anza kunapopambazuka, simama ifikapo saa nne, jilaze kivulini mpaka saa kumi, kisha endelea hadi giza linapokaribia. Wafugaji wa Kiturkana wakilaza mifugo chini ya miti saa za mchana hawafanyi hivyo kwa uvivu.

Kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari. Chumvi iliyo katika damu huyeyushwa mno, ubongo huvimba, na mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, dalili ambazo mwenzake akiziona humwongezea maji. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 wana upungufu wa chumvi hiyo katika damu, na waliokuwa katika hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa. Kunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo, na utie chumvi katika chakula. Mchanganyiko unaojulikana na akina mama wote kwa ajili ya watoto wanaohara unafaa hapa pia: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, katika lita moja ya maji safi. Angalia mkojo wako. Ukiwa mweupe kabisa kila mara, umezidisha. Ukiwa kama chai ya rangi, simama na unywe. Na ukiwa wa rangi ya kahawia au wekundu baada ya kazi ngumu, safari imekwisha, tafuta hospitali, maana misuli inavunjika na mafigo yamo hatarini.

Mwenzako akianza kupayuka

Uchovu wa joto huanza kwa kichefuchefu, kuumwa kichwa na kulegea. Mtu huyo akipumzishwa kivulini na kunyweshwa hupata nafuu. Lakini akianza kusema maneno yasiyo na maana, akayumba kama mlevi au akazimia, na mwili wake unachoma ukiugusa, huo ni ugonjwa mwingine kabisa: joto la ndani limefika nyuzi 40 au kupita, na ubongo unaanza kuungua. Usidanganyike kwamba bado anatoka jasho.

Hapa kuna kanuni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kukoma. Maji ya kunywa yakiwa machache, loweka shuka na umfunike, ukipepea. Tumia hata maji machafu ya kisimani kwa ngozi, ubakishe masafi ya kunywa. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Na tembe za kupunguza homa hazisaidii, kwa kuwa hii si homa. Wale wanaozoea kumeza dawa kali za maumivu kama brufeni kila asubuhi ili makalio na magoti yasiume wajue kwamba dawa hizo, mwili ukiwa umekauka, huweza kuyadhuru mafigo.

Maji ya njiani

Ziwa Turkana ni kubwa na linatamanisha, lakini maji yake yana magadi na floridi nyingi na hayafai kutegemewa kwa kunywa. Visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mito ni bora, mradi vitibiwe, kwani ng'ombe na mbwa hunywa hapo hapo. Kuni zikikosekana, jua lenyewe ni dawa: jaza maji yaliyochujwa katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Njia hiyo huua vijidudu. Haiondoi chumvi wala floridi.

Mkwaju wa njia hizi ni miiba ya mathenge. Hutoboa tairi, na hutoboa mguu vilevile, ncha ikakatika ndani na kutunga usaha. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika kabla ya safari. Vidonda vya makalio huzuiwa kwa kuosha sehemu hizo kila jioni hata kwa kikombe kimoja cha maji, kupaka mafuta ya mgando na kutolala na kaptura ya mchana. Kofia ngumu ivaliwe hata kwenye joto. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyetoka Eldoret, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya njia za vumbi huko Vermont, Marekani. Ustadi wake haukuwa na shaka, na hata hivyo alianguka.

Kuhusu usalama, mwandishi wa afya hana la kuficha: risasi pia ni suala la afya. Mwezi wa Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, zikiwemo Pokot Magharibi na Turkana. Uliza kituo cha polisi kabla ya kila sehemu, na wakikuambia upakie baiskeli kwenye gari, pakia.

Usikalie kichuguu

Jioni ndipo wadudu wanapotoka. Mtu wa Eldoret aghalabu hana kinga ya malaria kama aliyekulia penye mbu wengi, na ugonjwa humlemea haraka. Chandarua ni mzigo mwepesi. Hata hivyo, Pokot, Baringo na Turkana kuna mdudu mwingine, mdogo kuliko mbu na asiyevuma, anayejificha kwenye vichuguu vya mchwa na nyufa za ardhi. Huyo ndiye anayeeneza kala-azar. Kichuguu ni kiti kizuri kwa mtu aliyechoka, nacho ndicho pa kuepuka, hasa jua linapotua. Hema lipigwe mbali nacho, na mikono na miguu ifunikwe.

Malaria huweza kujitokeza wiki moja au zaidi baada ya kurudi. Kala-azar hungoja zaidi, mara nyingi miezi miwili hadi sita, wakati msafiri ameshasahau safari. Homa isiyokoma, kukonda, na tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu kwa sababu ya bandama ndizo dalili zake, na asipotibiwa mgonjwa hufa karibu kila mara. Daktari wa Eldoret asiyeambiwa kwamba ulilala Turkana anaweza kukutibu malaria au homa ya matumbo mara tatu bila mafanikio. Mwambie hivyo unapoingia mlangoni. Kipimo cha kwanza ni cha tone la damu ya kidole na majibu hutoka kabla ya nusu saa. Tiba ya kawaida katika Afrika Mashariki ni sindano za siku 17, na hospitali ya Kacheliba huko Pokot Magharibi imewatibu wagonjwa wengi wa aina hiyo.