Ukingo wa Kiko Umeungua? Usikimbilie Msasa

Kiko huanza kuzeeka juu. Mrija ukivunjika unabadilishwa, na njia ya moshi ikiziba inazibuliwa, lakini ukingo wa bakuli ukishaungua hadi kwenye mti, kilichoungua hakirudi. Na ukingo ndio unaoonekana kwanza kila mtu anapokishika. Habari njema ni kwamba weusi mwingi tunaouona pale ni uchafu tu, na unatoka.

1. Jua kwanza unachokiona.

Kuna weusi wa aina mbili. Mmoja ni masizi na lami ya tumbaku iliyoganda juu ya mti. Mwingine ni mti wenyewe uliogeuka mkaa. Kiinamishe kiko karibu na dirisha, kisha pitisha ukucha taratibu. Ukikuta utando mnene unaong'aa kidogo, hiyo ni lami, na mti ulio chini yake huenda ni mzima kabisa. Ukikuta kishimo, au ukingo wa ndani umelika kiasi kwamba tundu limepoteza mviringo wake, hapo mti umeungua. Viko vya kurithi kutoka kwa babu hutupwa kwa sababu ya lami peke yake, na inasikitisha.

2. Anza na mate.

Ndiyo, mate. Chukua pamba ya masikio, ilowanishe mdomoni, kisha sugua sehemu ndogo kwa mizunguko mifupi. Pamba itageuka kahawia, halafu nyeusi. Itupe, chukua nyingine. Iliyochafuka isirudi mdomoni kamwe, maana lami ile si kitu cha kulamba. Wanaotunza vitu vya kale wametumia njia hii kwa miaka mingi, na mwaka 1990 mtafiti wa Ureno, Paula Romão, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mate kama kisafishio. Walikuta kwamba kimeng'enya kiitwacho amilesi kina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Kama kiko kilikuwa cha mtu mwingine au wazo lenyewe linakukirihi, maji ya vuguvugu yanafaa, ila yatataka subira zaidi. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe maji.

Usimalize kazi kwa siku moja. Lami ya miaka mingi hutoka tabaka kwa tabaka: sugua, acha kikauke, rudi kesho. Mara nyingi kwenye raundi ya tatu au ya nne unaanza kuona mistari ya mti ikijitokeza chini ya weusi, na ukifika hapo punguza nguvu ya mkono.

3. Weka mbali spiriti, kisu na beseni.

Viko vingi vya mti hupakwa rangi kabla ya kung'arishwa, na spiriti huondoa lami pamoja na rangi hiyo. Utabaki na duara lililopauka ambalo ni baya kuliko masizi. Kisu hukwangua mti. Kukiloweka kiko kizima majini hufifisha rangi na kuondoa mng'ao, na mti unaweza kupasuka ukikauka vibaya.

4. Msasa uwe wa mwisho.

Mti uliogeuka mkaa hauna dawa nyingine. Tafuta msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari, kuanzia namba 600 kisha 1000, na ukiupata, 2000. Utandaze juu ya kioo au kigae kilichonyooka, geuza bakuli chini juu, na zungusha kwa wepesi. Inua uangalie kila baada ya mizunguko michache. Lengo ni kuondoa kilichoungua na kuishia hapo, kwa sababu kila unachokitoa kinapunguza kimo cha kiko na kubadili umbo alilokusudia fundi. Alama ndogo ya kahawia ikigoma, iache. Mimi naona kiko chenye alama kidogo kinapendeza kuliko kilichosagwa hadi kikapoteza mabega yake.

Ukimaliza, paka nta ya nyuki kidogo sana, subiri kidogo, kisha ng'arisha kwa kipande cha fulana kuukuu ya pamba.

5. Kama kiko si cha mti, badilisha mbinu.

Yote hayo hapo juu yanahusu viko vya mti, ambavyo vingi vilivyo bora hutokana na kifundo cha mzizi wa Erica arborea, kichaka cha nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Mafundi huchemsha vifundo hivyo kwa saa nyingi na kuvikausha kwa miezi kabla ya kuvichonga, na ndiyo maana huvumilia moto wa tumbaku. Mwali wa laita ni habari nyingine.

Viko vyeupe vya jiwe la sepiolaiti havitaki msasa wala maji mengi. Jiwe hilo huchimbwa Eskişehir huko Uturuki, na kwetu limechimbwa eneo la Amboseli. Arusha ilitengeneza viko vya jiwe hilo vyenye nembo ya tembo, na bado vipo mikononi mwa wakusanyaji. Hupakwa nta, na kadiri vinavyotumika huiva rangi ya asali hadi kahawia. Weusi kidogo wa ukingo ni sehemu ya kuiva huko. Futa kwa kitambaa laini kikavu kiko kikishapoa, basi. Kikiwa cha moto usishike bakuli kwa vidole, alama hubaki.

Cha gunzi la hindi, kama vile vinavyotengenezwa mjini Washington, jimbo la Missouri, tangu 1869, kiache kiungue. Ni cha bei nafuu, na kikichoka unanunua kingine.

6. Sasa tazama moto wako.

Hapa ndipo tatizo linapozaliwa. Laita zenye mwali mkali wa buluu, zile zinazovuma, zimetengenezwa kwa ajili ya upepo na sigara; kwenye kiko huchoma mti kwa sekunde chache. Tumia njiti ya kiberiti au laita ya mwali laini wa manjano. Njiti ikiwaka, subiri kichwa chake kiishe kuungua na harufu ya salfa ipotee. Kisha shika mwali juu ya katikati ya bakuli na uuvute kwa pumzi uingie kwenye tumbaku. Usiulaze pembeni. Wengi huinamisha laita kutoka upande uleule kila siku, ndiyo sababu viko vingi vimeungua upande mmoja tu: ukiona weusi umekaa upande wa mkono wako wa laita, umeshampata mhusika.

Hatari kubwa ni unapowasha tena tumbaku ikiwa imeshuka nusu. Mwali unalazimika kujikunja kuingia chini, na njiani unaramba ukingo. Koroga majivu kidogo, shindilia kwa upole, na vuta pumzi fupi fupi ili moto ushuke wima.

7. Usijaze hadi juu.

Tumbaku huvimba na kuinuka inapowashwa mara ya kwanza. Acha nafasi ya milimita tatu hivi. Ikiinuka, ishindilie kwa kichwa bapa cha msumari safi, kisha washa tena. Kaa linaloegemea ukingo huchoma polepole, na hutaliona mpaka umemaliza.

8. Kwenye upepo, usivute.

Ufukweni jioni mwali hulala ubavuni hata ukiukinga kwa kiganja, na tumbaku huungua kwa joto kali upande mmoja.

9. Futa kila unapomaliza.

Kiko cha mti kikiwa bado vuguvugu, lami ya siku hiyo ni laini. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kuzunguka ukingo, ukianzia upande wa ndani. Ikipoa na kuganda, kesho utahitaji pamba na mate, na baada ya mwezi utakuwa unaufikiria msasa. Majivu yatoe kwa kijiti, bila kugonga bakuli kwenye jiwe au kisigino cha kiatu: ukingo uliobonyea hautengenezeki kwa kitambaa.