BERGEN, MJI ULIOJIFUNZA KWA MOTO

Bergen ni bandari ya magharibi ya nchi ya Norwei. Milima imeuzunguka mji huu, na mvua inyeshayo kwa mwaka hupita milimita 2,000. Hata hivyo adui yake mkubwa tangu zamani ni moto, kwa sababu nyumba zake nyingi zilijengwa kwa mbao, tena zikasongamana.

Mgeni na aanzie Bryggen, penye maghala ya kale kando ya maji. Katika karne ya 14 wafanya biashara wa Kijerumani walifanya makao yao hapo. Walileta nafaka, wakanunua samaki wakavu kutoka kaskazini. Samaki hao hawatiwi chumvi. Hutundikwa nje mpaka wakaushwe na upepo wa baridi. Katika maghala hayo ilikatazwa kabisa kuwasha moto, hata wakati wa baridi kali. Chakula kilipikwa katika nyumba za mbali kidogo, upande wa nyuma.

Juu ya hayo, mwaka 1702 Bryggen iliteketea, ikajengwa tena kwa mfano wa zamani. Mwaka 1955 sehemu yake iliungua tena. Wataalamu walipochimba penye majivu waliona mamia ya vijiti vilivyochongwa maandiko ya kale, vingine vikitaja mwenye mali. Tangu mwaka 1979 Bryggen imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kutoka hapo si mbali kufika soko la samaki. Mgeni hupewa supu ya samaki iliyotiwa maziwa, na madukani hununua mkate mtamu wa mdalasini, ambao jina lake limetokana na sarafu ya zamani.

Kisha atafika Torgallmenningen, barabara ya maduka makubwa. Atastaajabu kuona upana wake. Moto wa mwaka 1916 uliangamiza mamia ya nyumba katikati ya mji, na mahali hapo pakajengwa upya. Tangu zamani watu wa Bergen waliacha njia pana za namna hii, ili moto usiruke kutoka mtaa mmoja hata mwingine.

Basi msomaji, tujifunze ya kuwa nafasi iliyo wazi kati ya nyumba na nyumba si ardhi iliyopotea bure. Wazee walisema: Tahadhari kabla ya hatari.